Rosine na Harusi ya Majani

2/9/2008

Rosine, haya hauna hata kidogo. Umelelewa ndani ya nyumba yenye mulango na kufuli, halafu unasimama jikoni kwangu na mwiko mukononi, unaniambia unataka kuolewa inje, kwenye majani, kama mbuzi. Na unacheka.

Basi nimenunua kitabu hiki na ninaandika. Katika familia yetu, kikao kikianza, kila mutu anakana maneno yake. Mimi Séraphine, Koko wa Rosine, mama ya baba yake, nilifika mwaka wa tatu tu kwa masista, lakini herufi zangu zinasimama wima. Nitaandika nani alisema nini na siku gani mpaka jambo hili liishe, na siku ya kikao nitasoma kwa sauti. Tutaona nani atakana.

Maneno ya leo ni haya. Kijana anaitwa Darius. Ni askari wa parke kule Rumangabo, anachunga sokwe na miti. Rosine anapanda kule kila juma kushona nguo za maaskari hao. Mimi nilidhani anarudi na kazi, kumbe anarudi na muchumba.

Nikamuuliza, "Ni mutoto wa nani?"

"Wa Muzee Nsabimana, Koko. Watu wa Masisi."

"Masisi gani?"

"Kuko Masisi ngapi?"

"Watu wa ngombe, basi."

"Walikuwa na ngombe. Vita ilizimaliza. Sasa wako kwenye kambi ya Mugunga, chini ya hema."

Paulin, mwanangu, baba yake Rosine, alikufa kwenye barabara ya Masisi mwaka wa 1993, ndani ya lori yake ya maharagi. Aliyemuua hatukumujua, lakini barabara ninaijua. Rosine alikuwa na miaka minane. Mama yake aliolewa tena Kampala, hakurudi. Tangu siku ile tuko wawili katika nyumba hii ya mutaa wa Mapendo, hapa Goma, na moto wa volkano ulipoifunika mwaka wa 2002 tuliijenga tena sisi wawili, juu ya mawe yale meusi. Sasa anataka nimutoe kwa watu wa barabara ile, na hata si kanisani.

5/9

Mvua. Niliuza maharagi kidogo pale soko ya Murara, nikarudi na maji ndani ya viatu.

7/9, siku ya Mungu

Baada ya misa Rosine alitandika karatasi juu ya meza. Amechora harusi yake kama mutu anayechora nguo mbele ya kuikata. Hapa mabenchi, hapa pasta, hapa miti mikubwa, hapa Koko kwenye kiti chenye mito.

"Na mvua?"

"Tutafunga hema."

"Na nyoka?"

"Nyoka zitakuogopa wewe, Koko."

Nilitaka kucheka, nikakaza kinywa. Nikamuambia harusi ya Mukatoliki ni parokiani, na baadaye salle ya sherehe, na wajomba kutoka Butembo wakishuka na basi nzima, na watu wa mutaa wakikosa pa kukaa. Nimeila mikate ya harusi za watoto wa watu wote. Ninangojea zamu yangu.

Akaacha kucheka. "Koko, ukituweka parokiani, watu wetu watakaa kuume, watu wa Darius kushoto, na watatazamana kama kwenye bariere ya barabarani. Utawaona wakihesabu nani ni nani. Kule Rumangabo hakuna kuume, hakuna kushoto. Ni majani tu. Na maaskari wenzake hawawezi kuacha kazi kushuka huku."

Maneno matamu. Wote wanaopenda kwa haraka wanajua kuongea.

10/9

Mvua.

14/9, siku ya Mungu

Leo alikuja baba wa kijana.

Kwetu Butembo mambo ya ndoa inaanza na mbuzi. Kuko mbuzi ya baba mudogo, ya shangazi, na kuko mbuzi ya Koko, nayo inapaswa kuwa jike iliyokwisha kuzaa. Koko asipoipokea hafungui kinywa kubariki, na kinywa cha Koko kikifungwa hakuna harusi. Hata Rosine anajua hivyo tangu utoto.

Muzee Nsabimana alitembea kwa miguu kutoka Mugunga, peke yake. Mutu murefu, koti la zamani lililofungwa vifungo vyote, kofia, fimbo. Alikuwa amelowa mpaka mabegani. Sikumupa kiti. Alikaa mwenyewe kwenye benchi ya mulangoni, pale ninapowekaga ndoo.

"Mama, nimekuja kubisha hodi."

"Mulango umefunguliwa, unaona."

Akatoa kitu kilichofungwa na majani ya ndizi, akakiweka juu ya meza na mikono miwili, pole pole kama mutu anayelaza mutoto. Nikafungua. Jembe. Jembe jipya, bila mupini.

"Hii ni nini, Muzee?"

"Ni jembe, Mama."

"Ninaona ni jembe. Niliuza majembe miaka kumi mbele ya vita. Ninauliza imefuata nini ndani ya nyumba yangu. Mujukuu wangu ni fundi wa cherehani. Hajui kulima, hatalima. Kama mulitafuta mulimaji, pitia barabarani asubuhi, wako wanasimama pale wakingoja kazi."

Alivua kofia. Kisha akasema, "Mama, kwetu..."

"Kwenu ni kwenu. Hapa ni kwangu."

Nikafunga lile jembe na majani yake, nikamuwekea mikononi. Alilitazama. Akasimama, akavaa kofia, akasema, "Nimesikia," akatoka katika mvua ile ile aliyoingia nayo.

Généreuse, jirani yangu, alikuwa anasikiliza kwenye ukuta. "Koko Séraphine, umemupiga bila fimbo!" Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Nilipika nyama.

15/9

Rosine alirudi kutoka Rumangabo. Hakulia, hakufoka.

"Koko, ulimurudishia jembe?"

"Nilimurudishia."

"Mikononi?"

"Ulitaka nimurudishie kichwani?"

Akakaa chini. Nilingoja anijibu vibaya ili na mimi nimujibu. Alikula bugali yake yote, akaosha sahani yake na yangu, akalala.

18/9

Kijana wa chukudu, ile baisikeli ya ubao ya kubeba mizigo, alikuja kuchukua cherehani. Rosine anasema kazi ya kule imekuwa nyingi, atashonea kule kule. Mahali cherehani ilikuwa, saruji iko na rangi ingine.

19/9

Nilipika maharagi ya watu wawili. Ni mazoea ya mukono.

23/9

Mvua. Nilikula ya juzi.

28/9, siku ya Mungu

Nilipigia simu Achille, mwanangu wa Butembo. Tangu Paulin afe yeye njo mukubwa wa familia. Nilimusomea tarehe zote na maneno yote kutoka kitabu hiki. Alisikiliza.

"Mama, huyo kijana anamupiga?"

"Sijasema hivyo."

"Anakunywa?"

"Sijui."

"Basi unamukatalia nini?"

"Jembe!"

"Mama, mimi sina nguvu ya kushuka Goma juu ya jembe. Barabara ni mbaya. Muache aolewe."

Nikakata simu. Mutu wa kikao amekimbia kikao. Kitabu hiki nitamusomea nani?

3/10

Watu wameanza kushuka tena kutoka upande wa Rutshuru. Si wengi. Magodoro kichwani, chungu, kuku amefungwa miguu. Généreuse anasema ni kama kila mwaka. Mimi pia ninasema hivyo.

9/10

Kijana mwenyewe alikuja.

Alivua buti mulangoni bila kuambiwa. Soksi ya kuume ilikuwa imetoboka kwenye kisigino na imeshonwa, na mushono nikaujua: ni wa Rosine, anarudisha sindano mara mbili kama nilivyomufundisha. Sikumuambia akae. Hakukaa. Alisimama karibu saa nzima, na mutu mwenye nguvu namna ile angeweza kuchukua kiti mwenyewe.

"Koko, baba yangu hawezi kurudi hapa. Ndiyo maana nimekuja mimi."

"Ndoa haiongewi na anayeoa. Inaongewa na wazee."

"Wazee wamenyamaza, Koko. Yeye amenyamaza, na wewe umefunga kinywa."

"Basi hakuna harusi."

"Kuko harusi," akasema. Hakupandisha sauti. "Ni siku ya posho, ndiyo Jumamosi, tarehe 25 mwezi huu. Kwenye majani, kama Rosine alivyochora. Tutafanya bila wazee, na hatutaki kufanya bila wazee. Tarehe 23 gari ya parke itashuka. Dereva anaitwa Évariste. Atapiga honi hapa kwako saa nne."

"Mutamutorosha mujukuu wangu halafu munitumie gari nije kutazama?"

"Ndiyo, Koko."

Ninaandika jibu lile kama alivyolisema. Mutu asiyejua kujitetea. Paulin alikuwa hivyo.

Alipoondoka niliona amenipangia mafurushi ya kuni chini ya paa, pale mvua haifiki. Sijui alifanya saa ngapi.

12/10, siku ya Mungu

Kanisani Généreuse aliniuliza mbele ya watu, "Ni kweli mutoto wenu anaolewa porini?" Nikamuambia amutazame binti yake, ambaye ameolewa mara mbili salle ile ile.

16/10

Mvua. Wanasema vita imekaribia barabara kubwa. Wanasema pia haijakaribia.

20/10

Nilipiga pasi liputa yangu ya maua ya zambarau. Nguo ikikaa sana ndani ya sanduku inashika harufu. Ni hiyo tu.

23/10

Gari ilikuja. Sikuwa nyumbani.

25/10, siku ya posho

Mvua asubuhi. Jua saa sita. Mvua tena. Simu ya Rosine iliita mara tatu. Sikupokea.

26/10, siku ya Mungu

Padri alikuwa bado anasoma Injili, watu wakaanza kutoka mumoja mumoja, simu kwenye masikio. Nikamushika mutu mukono. "Ni nini?" "Wamechukua Rumangabo." "Nani?" "Wenye bunduki, Mama. Kuko wengine?"

Nilipiga simu ya Rosine palepale kanisani. Sauti ya mwanamuke ikaniambia haipatikani. Nikapiga tena. Nilimujibu yule mwanamuke wa simu matusi ambayo nitaungama siku ingine.

27/10

Asubuhi nilipanda kwa miguu mpaka pale barabara ya Rutshuru inaingia muji. Sijawahi kuona watu namna ile tangu mwaka wa tisini na ine, na wakati ule nilikuwa na magoti mapya. Walijaza barabara toka ukingo mpaka ukingo. Hakuna aliyekuwa anaongea. Unasikia viatu tu, na mbuzi. Nilisimama kwenye jiwe na kuuliza kila aliyevaa nguo ya kijani.

"Maaskari wa parke umewaona?"

"Waliingia porini."

"Wote?"

"Mama, mimi nilikuwa ninakimbia, sikuwa ninahesabu."

Mumoja alisema wamekufa. Mumoja alisema wamefika Goma jana. Mumoja alisema kuko wanawake pamoja nao, na mumoja wao bado ana maua kichwani. Nilimushika koti. "Maua ya rangi gani?" Akaniondoa mikono pole pole, kama vile mutu anamuondoa kichaa.

Nimerudi, nimekaa. Généreuse amevuka mupaka kwenda Gisenyi na watoto wake. Hapa hakuna wa kunisikia, kwa hiyo nitaandika vizuri, na Mungu asome.

Tarehe 23 nilikuwa nyumbani. Niliamka saa kumi na moja, nikaoga, nikavaa liputa ya zambarau na kitambaa chake, nikajipaka mafuta kwenye mikono. Saa tatu nilikuwa nimekaa juu ya kitanda, mukoba kwenye magoti. Saa nne honi ikapiga. Nikajiambia: wakipiga mara ya pili nitatoka. Ikapiga mara ya pili. Nikajiambia: aje abishe mulango, mimi si mufuko wa makaa wa kuitwa na honi. Akaja, akabisha. "Koko? Ni Évariste. Rosine amenituma." Généreuse akaita kwenye ukuta, "Koko Séraphine, gari!" Nikajiambia: aseme tafazali. Dereva hakujua kwamba anapaswa kusema tafazali. Alingoja katika mvua, nilimusikia akikohoa. Kisha gari ikaondoka, na mimi nikabaki nimevaa hivyo mpaka jioni.

Miguu ilikuwa imesimama tayari. Ni kiburi ndicho kilikaa.

28/10

Muzee Nsabimana alikuja. Kofia hana tena, imebebwa na watu njiani. Alisimama inje.

"Mama, uko na habari?"

"Sina. Wewe?"

"Sina."

Nikamuletea kiti, kile kiti cha Paulin. Alikaa upande wake wa mulango, mimi upande wangu, na radio katikati. Alasiri barabara ya Mugunga ikafungwa na watu, asiweze kurudi. Kwetu wakwe hawalali chini ya paa moja. Nilimutandikia mukeka jikoni, inje ya nyumba, nikampa blanketi ya Rosine.

29/10

Muji umeharibika. Maaskari waliokimbia vita wamepita ndani ya mitaa, wanapiga milango, wanabeba simu, wanabeba kuku, wanapiga risasi juu ya mabati. Nilifunga kila kitu, na Muzee akaingia ndani, desturi ikangoja inje. Tulikaa chini saa zile zote, migongo kwenye ukuta wa mawe, sababu ubao risasi inapita.

Nikamuuliza, ili nisisikie inje, "Muzee, lile jembe liko wapi?"

"Limeliwa, Mama."

"Namna gani jembe linaliwa?"

"Nilibadilisha na unga. Bibi yangu, mama yake Darius, alikuwa mugonjwa."

Mutu alipiga mulango wa Généreuse na kitu kizito. Tukangoja. Akaenda.

Kisha akaniambia, bila kunitazama. Kwao, baba akiwa amenyanganywa ngombe, analeta jembe. Jembe linalala nyumbani kwa binti, na maana yake ni: sisi bado ni watu, ngombe itakuja, mutushikie nafasi. Halihusu kulima. Hakuna binti aliyelima na jembe lile tangu babu za babu.

"Juu ya nini haukuniambia?"

"Nilianza, Mama."

Ni kweli. Tarehe 14 iko hapo juu: "Mama, kwetu..." Mimi mwenyewe niliandika.

Akaendelea. "Na kwetu jembe likirudishwa mukononi mwa baba, baba amekatazwa. Hana neno tena, na kwenye harusi haendi. Évariste alipita kwangu pia tarehe 23. Rosine alimutuma. Nilikaa ndani ya hema."

Mutoto wake wa mwisho. Walikuwa watano, sasa ni Darius. Na harusi yake hakuiona, juu yangu mimi.

Sikumuambia kwamba na mimi nilikaa. Nilimupikia viazi. Alikula kidogo, akaniachia vikubwa.

30/10

Kimya. Nilienda kununua chumvi. Niliyoyaona kwenye barabara sitayaandika.

31/10

Saa nane simu. Namba ambayo siijui. "Koko, ni mimi Évariste. Wametoka porini. Wote wawili." Nikamuambia aseme tena. Akasema tena. Muzee alikuwa anatazama kinywa changu. Nikainua vidole viwili, na yule mutu murefu akakaa chini katikati ya njia, katika matope, na koti lake lenye vifungo vyote.

1/11

Wamewaweka maaskari wa parke na watu wao kwenye uwanja, upande wa Mugunga, ndani ya hema. Nilienda na Muzee. Nilibeba bugali, sombe ya majani ya muhogo, nyama, mafuta ya miguu.

Darius alimukumbatia baba yake na wakabaki hivyo. Rosine alikuwa amekaa juu ya bidoni ya maji. Amekonda, amevaa soksi za Darius mbili mbili, na chini ya soksi miguu haitamaniki. Siku tano porini, wakinywa maji yaliyobaki kwenye majani. Cherehani imebaki kule.

Alisimama kwa shida. "Karibu, Koko. Muletee Koko kiti."

Akaniletea maji ndani ya kikombe, na mikono miwili, akangoja nimalize. Kwangu alikuwa ananinyanganya kikombe na kunywa yangu.

"Nimeleta chakula."

"Asante sana, Koko. Tumekwisha kula."

Asante sana. Miaka kumi na tano amefungua vyungu vyangu bila kuuliza, leo asante sana.

Nikasema, "Gari ilipokuja sikuwa nyumbani."

"Évariste aliona kitambaa chako kwenye dirisha, Koko. Cha zambarau."

Nilifunika tena sombe yangu.

"Tulikungoja mpaka saa saba," akasema. "Pasta alikuwa na haraka, mvua ilikuwa inarudi."

"Tutafanya ingine. Parokiani, polepole, na Muzee atakuwepo. Sihitaji mbuzi."

"Hapana, Koko." Alisema bila hasira, na hasira ingenifaa zaidi. "Mimi nimekwisha kuolewa. Ilikuwa nzuri. Sitairudia ili ikufae."

Nilirudi na sombe yangu.

6/11

Mvua. Généreuse amerudi kutoka Gisenyi. Anauliza kama ni kweli mutoto wetu amekwisha kuolewa kule porini. Nikamuambia aende kurekebisha mulango wake.

11/11

Nilienda tena uwanjani. Rosine aliagiza niletewe kiti tena.

17/11

Mvua. Muzee Nsabimana alipita na bibi yake kunisalimia. Aliniita mukwe. Yeye hana kitabu cha kuandika makosa ya watu. Nilimupa kofia ya marehemu bwana wangu, na yeye akaniuliza mara mbili kama sitaihitaji.

22/11

Wanasema wakubwa wameelewana, maaskari wa parke watarudi Rumangabo kazini, hata kama wenye bunduki wengine bado wako kwenye milima pande zote. Rosine anaenda naye. Nikamuambia abaki kwangu mpaka hali itulie. "Hali ilitulia lini, Koko?"

24/11

Wamepanda. Gari lilisimama hapa, Rosine alishuka, akanisalimia na mukono. Miguu imepona nusu. Nilimufungia maharagi, akayachukua. Tulikuwa na maneno mengi na tukazungumza maharagi: yaloweshwe saa ngapi, yachanganywe na nini. Kisha akapanda nyuma na wengine.

29/11

Rosine, Évariste yuko mulangoni. Gari yake inanguruma, ameniambia dakika kumi, na nimemujibu atangoja kama alivyongoja siku ile. Kitabu hiki ninamupa yeye akuletee. Hakuna kikao nitakakokisoma. Utasoma wewe, yote, na tarehe 27 usiiruke, hata kama utanichukia nusu saa zaidi.

Uko na haki, harusi si chakula cha kurudishwa motoni kwa sababu mugeni amechelewa. Sitakuomba tena. Lakini mimi ninajua harusi ya kila binti wa mutaa huu, nani alivaa nini, nani alilia, mchele wa nani uliungua, na ya kwako ninajua tu kwamba mvua ilikuwa inarudi. Jioni ninakaa, ninajaribu kuiona, ninakosa pa kuanzia.

Kwa hiyo fanya hivi. Mwisho wa kitabu kuko karatasi kumi na moja safi. Kaa chini, acha kushona, andika tarehe 25 kutoka ulipofungua macho. Nani alikufunga nguo mugongoni. Majani yalikuwa na maji ao yamekauka. Pasta alikosea jina la nani. Darius alijibu na sauti gani. Maaskari waliimba ao walinyamaza. Mulikula nini, nani alipika, na kama alipika vibaya useme. Usiandike vizuri, andika yote. Karatasi zikiisha, andika kwenye jalada. Umupe Évariste akishuka siku ya posho. Anza leo, mbele hakujaingia giza.